Sentimita Mbili

Jumatatu, 2 Juni
Nimerudi na fuso ya vitunguu kutoka Ruaha Mbuyuni, hata sijanawa, Mwalimu Veneranda wa chekechea kanipa mchoro wa binti yangu Goodness. "Familia Yetu." Anasema mtoto asichoweza kukisema hukichora. Nikatoa rula. Mama yake, sentimita kumi na nne. Kuku, sita. Shemeji yangu Asukile, ambaye kazi yake ni kuja kula, kachorwa lumbesa, kama gunia lililojazwa kupita mdomo, kichwa kimepita paa! Mimi? Mbili. Juu kabisa, pembeni, kama inzi. Na Jumamosi michoro inabandikwa ukutani pale chekechea, mtaa wetu wote wa Iyunga uone!

Jumanne, 3 Juni
Nimemnunulia Goodness biskuti, nikamwomba achore upya. Kachora biskuti. Kubwa.

Jumatano, 4 Juni
Mpango: nimemaliza ugali wote kabla Asukile hajafika. Njaa itamfukuza. Wapi! Kacheka, kambeba Goodness mabegani mpaka jioni. Mchoro wa leo: Asukile kaongezeka sentimita tatu. Mke wangu kaniuliza, Baba Goodness, unashindana na penseli? Nimemjibu huu ni utafiti.

Alhamisi, 5 Juni
Nimesalimu amri. Nilikuwa namenya vitunguu, nikamuuliza mtoto mwenyewe kwa nini mimi mdogo hivi. Kanishangaa. Kasema, baba, si hapo kwenye mchoro uko Ruaha Mbuyuni? Fuso yako ikiondoka inakuwa ndogo, ndogo, mpaka inaisha. Halafu kanionyesha macho ya aliowachora: mama, mjomba, hata kuku, wote wanatazama juu, kwangu. Kasema wanakusubiri urudi.
Macho yaliniwasha sana. Vitunguu vya mwaka huu vikali.

Jumamosi, 7 Juni
Mzazi mmoja kauliza huyo inzi ni nini. Nikamwambia kwa sauti: ni mimi! Nimesimama chini ya mchoro ule mpaka wanafunga mlango.
Ila tatizo nimeshalijua: umbali. Dawa yake rahisi. Nimechapisha picha yangu kwenye turubai, mita mbili, nimeitundika sebuleni. Mtoto aitazame kila siku nikiwa safarini.

Jumanne, 10 Juni
Ruaha Mbuyuni. Mke wangu kanitumia mchoro mpya kwa simu. Asukile kajifunika turubai langu, anakoroma. Kuku kalala juu yake. Mimi niko kule kule pembeni. Nimeweka rula kwenye kioo cha simu: milimita nne.
Nimepungua!
Nimeshaagiza turubai la mita sita.