Kadi ya Sahihi Sita

Jumatatu, 3 Machi

Wiki ya tatu sasa mke wangu yuko kwa kaka yake, na mtoto kamchukua. Ametuma masharti: nihudhurie vikao vya watu wanaoacha pombe, nilete kadi yenye sahihi sita za mwenyekiti. Bila kadi, harudi. Hayo si mawazo yake. Ni ya shemeji, seremala yule, ambaye tangu harusini ananitazama kama ubao wenye ufa.

Kwanza mimi silewi. Naonja. Pili, nafanya kazi kiwanda cha uchapaji. Mtu mwenye mtambo na wino akae na walevi wiki tatu kutafuta sahihi? Ninachohitaji ni sampuli moja tu.

Jumanne, 4 Machi

Zahanati, kuuliza kikao kiko wapi. Nikamwambia muuguzi ni kwa ajili ya rafiki. Akanipa maelekezo bila hata kufungua daftari. Mbona ameyakariri? Kuna mtu alishampa habari zangu.

Chumba kiko ghorofani, juu ya duka la dobi. Viti vya plastiki vimepangwa duara, makusudi, ili usiwe na pa kuficha uso. Hakuna aliyeniuliza jina. Wasiokuuliza jina wanalijua tayari! Mwenyekiti ni mwalimu mstaafu, mama mwenye kalamu ya kijani. Nikasema nimekuja kwa niaba ya rafiki. Wote kumi na mmoja wakacheka. Kinyozi mmoja akasema hata yeye alikuja kwa niaba ya rafiki, na rafiki huyo bado anamsumbua. Nikapewa chai (sikuigusa) na kadi. Sahihi moja. Nikatoka mbio.

Alhamisi, 6 Machi

Kadi mpya imetoka, mbele na nyuma, herufi kwa herufi. Karatasi bora kuliko yao. Sahihi sita za kijani, tarehe tangu katikati ya Februari. Mpanga herufi hodari hasomi maneno, anatazama herufi tu. Ndiyo siri ya kazi yetu. Msimamizi alipopita nikaifunika kwa kadi za harusi.

Ijumaa, 7 Machi

Nikampelekea. Mke wangu akasoma mbele. Akageuza, akasoma nyuma kwa sauti: mwenye kufikisha sahihi sita atakabidhiwa mgeni mmoja, amshike mkono mpaka naye afikishe sita. Akauliza mgeni wangu ni nani. Sentensi hiyo niliichapa mwenyewe na sikuwahi kuiona!

Nikasema nakabidhiwa Jumanne. Uso wake ukalainika. Akasema nikimshika vizuri mgeni huyo, atarudi. Nilifurahi mpaka nikasahau kuaga. Lakini shemeji alikuwa barazani anapiga randa, na tulipoanza kuongea randa ilinyamaza. Alikuwa anasikiliza kila neno.

Jumanne, 11 Machi

Nikampa mwenyekiti kadi yangu ili nikabidhiwe mgeni, akaiinua kwenye mwanga. Akasema ni nzuri kuliko zao, ila sahihi yake haijawahi kunyooka hivyo. Hakukasirika, jambo la kutilia shaka. Akasema nitaanza kuhesabu upya, lakini leo kuna mgeni aliyeniulizia mimi, basi nimshike hivyo hivyo. Akafungua mlango. Shemeji!

Amenifuata mpaka huku. Akakaa kando yangu, akasimulia. Mikono inamtetemeka kwenye msumeno. Miaka minne anaficha chupa kwenye pipa la vumbi la mbao. Alimkaribisha dada yake ili nyumbani kuwe na mtu wa kumwonea haya. Aliposikia habari za sahihi zangu sita, akaona kama mimi nimeweza, yeye pia ataweza. Kisha akalia, mwanaume mzima. Alijifunza wapi kulia vile? Nikampa leso. Akaniomba nisimwambie dada yake, atamwambia mwenyewe. Nikaapa.

Jumatano, 12 Machi

Nimelipima jambo hili pande zote. Kama shemeji anaigiza, nitamuumbua. Kama ni kweli, mke wangu anaishi kwa mlevi na lazima ahame. Vyovyote vile, anarudi kwangu. Nikaenda adhuhuri, shemeji akiwa kazini, nikamwaga kila kitu, mpaka pipa.

Masanduku mawili yalikuwa mlangoni, yamefungwa. Viatu vya mtoto vilikuwa juu yake. Mke wangu akanisikiliza mpaka mwisho. Akasema kaka yake alimweleza yote jana jioni, na kwamba alipata nguvu kwa kuwa amepata mtu wa kumtunzia siri. Akasema alikuwa anarudi leo. Kisha akayabeba masanduku, moja baada ya jingine, akayarudisha ndani. Nilitaka kumsaidia, akaniambia niache. Imeniuma sana, siwezi kuficha.

Lakini nani alimtonya kwamba ninakuja?

Jumamosi, 15 Machi

Shemeji ananipigia simu kila jioni. Dada yake amemwambia nilichofanya, na bado anapiga. Hagombi, halalamiki, anasema tumekabidhiana basi. Mtu uliyemsaliti asipokufokea, ujue ana lake moyoni.

Leo nilikuwa nimeonja kidogo, nipate kufikiri vizuri, simu ikaita. Akauliza kama nimegusa chochote. Nikasema hata tone. Akasema hata yeye, leo siku ya nne. Nikajua papo hapo kwamba anadanganya, maana sauti yake ilikuwa imetulia kama yangu.