Vidonge Ndani ya Tende

Jumatatu, 20 Februari 1961

Bibi ana homa tena. Mchana anafunga, jioni anafuturu, usiku anatetemeka mpaka kitanda kinalia. Shehe amemwambia mgonjwa ana ruhusa ya kula. Bibi amemjibu kuwa ruhusa si amri.

Dresa Humoud, anayetibu watu pale dispensari, amenipa chupa ya vidonge vyeupe. Viwili kila futari mpaka chupa iishe. Akasema ana nafasi ya msichana mmoja tu wa kumpeleka Wete kusomea uuguzi. Bibi yangu akimaliza dawa, nafasi ni yangu.

Umkulthum alikuwapo. Tulimaliza shule pamoja, na sasa anaosha chupa pale dispensari na kumwita dresa "bwana mkubwa". Alicheka. Akasema Mwanamize, yaani mimi, hata salamu huitoa kwa mnong'ono, atamwambia nani ameze.

Ni kweli. Mwaka jana Bibi alivionja vidonge hivi siku moja, akavikataa, na sababu hakuisema. Sikumwuliza. Leo nimemkuta amelala uso ukutani. Nimefungua mdomo. Nikasema maji ya kutawadha yako tayari.

Lazima iwepo njia ya kufikisha kidonge tumboni bila maneno.

Jumanne, 21 Februari

Njia nimeipata. Tende! Unaitoa kokwa, unatia kidonge, unaibana. Haionekani alama yoyote. Adhana ilipolia nilimpa Bibi mbili kwenye kisahani. Alizila. Kwa furaha nikaunguza uji.

Nimelala nikifikiri. Dresa aliwahi kutuonyesha picha ya dawa mpya za Ulaya, zimefichwa ndani ya ganda laini, nusu jekundu nusu jeupe. Ganda linayeyuka polepole, kimoja kinatosha mchana kutwa. Alisema linatengenezwa kwa mifupa ya wanyama. Nikataka kuuliza mnyama gani. Umkulthum akaniwahi. Dresa hakujua, akaikunja picha.

Tende yangu haina shaka hiyo. Pengine huko Ulaya hawana tende.

Jumatano, 22 Februari

Nimempa nyingine mbili. Baada ya futari nikaondoa vyombo. Kwenye kisahani, katikati ya kokwa za tende nyingine, vidonge viwili vimelambwa safi. Vya jana nimevikuta jalalani.

Bibi amesema tende za mwaka huu zimechumwa changa, kokwa zake bado nyeupe.

Amekula tende maisha yake yote. Ulimi wake ukikuta kigumu katikati hukitoa wenyewe, wala haumwombi ruhusa. Nilifikiria mkono wangu, nikafikiria macho yake. Ulimi sikuufikiria.

Ametetemeka kuliko jana. Nimemfunika kanga tatu na mkeka.

Ijumaa, 24 Februari

Kahawa. Yetu ni chungu tangu asili, nani atajua uchungu upi ni wa buni na upi wa dawa. Nimetwanga vidonge pamoja na tangawizi, nikatia kikombeni mwa Bibi, nikamimina kahawa juu.

Watu walipotoka tarawehe akaingia Bi Mwatum, jirani yetu, mwenye maneno mengi. Bibi akachukua kikombe chake mwenyewe akampa. Mgeni kwanza.

Nilikuwa nimesimama na sinia. Ningeweza kusema. Ningeweza hata kuangusha sinia. Nilisimama.

Bi Mwatum alikinywa mpaka masimbi, yale machicha ya chini. Akasema kahawa ya leo ina nguvu, mjukuu wako sasa anafaa kuolewa.

Jumamosi, 25 Februari

Bi Mwatum amekuja asubuhi anajikuna. Mikono, shingo, nyayo. Alisimama mlangoni akausugua mgongo kwenye mwimo kama ng'ombe. Akamwambia Bibi hakulala, na kama si upupu basi kuna mtu anamwonea choyo.

Bibi aliinuka kitandani. Akamtazama Bi Mwatum, kisha akanitazama mimi, kwa muda mrefu.

Jirani alipoondoka Bibi akaniuliza nimetia vingapi. Nikasema viwili. Akacheka mpaka akakohoa. Akasema, kumbe hata kokwa zile ni wewe.

Akaketi kitandani. Akasema homa anaijua, huja na huenda. Lakini mwasho wa dawa ile ulimpata mwaka jana usiku akiwa peke yake chumbani, mgongo haufikii, na kuamsha watu kwa ajili ya kukunwa aliona haya. Nikamwuliza kwa nini hakutwambia. Akasema, nani aliniuliza?

Nami nilidhani haya ni zangu peke yangu. Kumbe nimezirithi.

Akaniambia, futari ikifika lete dawa yako, na ulete kucha zako. Amevimeza kwa maji, viwili kwa pamoja. Nimemkuna kwa gunzi la muhindi huku akinielekeza, juu kidogo, kushoto, hapo hapo mwanangu. Kidonge hakijui homa iko wapi. Huenda na damu kila mahali, hata kwenye ngozi isiyo na kosa. Anayejua pa kukuna ni mgonjwa.

Bi Mwatum tumempelekea bakuli la tambi. Sababu hatukumwambia.

Jumanne, 28 Februari

Chupa imeisha na homa imekwisha. Bibi amenigombeza kwa chumvi ya mchuzi, ndipo nikaamini kapona.

Dresa ameniuliza nimejifunza nini. Nikasema, na safari hii kwa sauti, kuwa mgonjwa aulizwe kwanza anaogopa nini. Amefurahi sana. Umkulthum ameosha chupa moja mara tatu.

Nafasi ni yangu, ila kuna jambo moja dogo. Mzee Ame, seremala, amekataa dawa ya minyoo. Dresa amenipa kidonge chake. Akasema, nenda kamwulize, kama ulivyosema.

Nimekwenda. Mzee Ame alikuwa barazani anapiga randa. Akaniitikia salamu, akaweka randa chini, akaningoja. Nikamwuliza hali ya mkewe. Nikamwuliza hali ya mbuzi wake. Nikarudi nyumbani.

Ninachotakiwa kufanya nakijua. Ni swali moja tu, na mzee mwenyewe ni mpole.

Lakini nimekumbuka kuwa Mzee Ame kila futari hula kaimati, zile donge za unga za shira. Kaimati ikikaangwa vizuri huwa na uwazi katikati, tena haina kokwa.