Vumbi la Mbao la Marehemu Baba

Jumatatu, 3 Oktoba 1904

Mvua. Goti linauma. Mke wangu Thirza amepika samaki wa chumvi tena.

Habari nimeipata posta, ambako mambo ya ukoo wetu hujulikana kabla sisi wenyewe hatujayajua. Dada Lavinia ameyatoa makaratasi yote ya kina Sturdivant kwa Chama cha Historia. Yote! Barua za Babu, daftari za kampuni, ramani za maghala, hata orodha za nguo za kufuliwa. Masanduku kumi na manne. Yatapewa chumba chao pale maktaba. Jumamosi ya wiki ijayo chumba kitafunguliwa kwa hotuba na keki. Ukutani zitatundikwa picha mbili. Ya kwanza ni ya Babu Eliphalet, aliyeanza kukata barafu ya mto Kennebec na kuiuza Havana. Sawa. Ya pili ni ya baba mkubwa Josiah, baba yake Lavinia, “aliyeleta njia ya kupakia barafu kwa vumbi la mbao isiyeyuke”.

Josiah! Mtu ambaye mji mzima ulimwita Josiah Maji mpaka anaingia kaburini! Majira ya baridi ya mwaka 1850 aliipakia barafu merikebu yetu Mehitabel, nayo ikafika Havana imebeba maji ya kuogea.

Vumbi la mbao lilikuwa wazo la baba yangu, Enoch. Aliniambia mwenyewe kitandani, siku tatu kabla hajafa. Kulikuwa na jambo jingine alitaka kuongeza, ila kikohozi kikamzuia.

Barafu yenyewe imekwisha, siku hizi inatengenezwa kwa mashine. Nyumba kubwa imeuzwa. Mimi natengeneza saa za watu, na watu wameanza kuuliza saa kwa majirani. Kilichobaki cha ukoo huu ni ukuta ule. Baba yangu lazima akae pale.

Jumanne, 4 Oktoba

Nimekwenda kwa Lavinia. Nimemkuta sakafuni kati ya masanduku, anafunga barua kwa utepe, ana miaka sitini na miwili na mgongo umenyooka kama ufagio. Nimemweleza haki ya baba yangu kwa utulivu mkubwa. Akasema anajua nilivyompenda baba yangu. Nikasema sikuja kuzungumzia mapenzi, nimekuja kuzungumzia vumbi la mbao. Akauliza kama nitakunywa chai.

Nikamwambia chai ni sawa, mradi asiipakie baba yake, isije ikafika imekuwa maji matupu. Utani wangu wa zamani, na mwingine ninao wa maji tu, kama arobaini hivi. Tangu tukiwa watoto namtania hivyo. Hajawahi kucheka hata mara moja. Mtu asiye na ucheshi.

Akasema Bwana Beal, katibu wa Chama, haandiki jambo bila karatasi. Kama ninayo karatasi, nimpelekee.

Karatasi. Vizuri.

Alhamisi, 6 Oktoba

Karatasi ipo. Nimeiandika leo.

Ni barua ya Babu kwa nahodha wa Mehitabel, ya Machi 1850. Inamwambia kwamba vumbi la mbao ni fikra ya “mwanangu kipenzi Enoch, mwenye akili kuliko ndugu yake”. Mwandiko wa Babu ni rahisi kuiga, ni kama kuku amepita kwenye wino akiwa na hasira. Nimekata ukurasa mtupu mwishoni mwa Biblia ya mama mkwe. Nimeulowesha kwenye chai nzito, nikauanika juu ya jiko.

Thirza ameuliza kwa nini leo chai ina ladha ya Biblia. Nimemwambia ni utafiti. Akasema utafiti wangu uliopita ulichoma pazia.

Jumamosi, 8 Oktoba

Siku ya aibu. Nitaiandika kwa ufupi.

Nilimpelekea Bwana Beal barua. Nikamwambia nimeinunua kwa mjane wa nahodha. Bwana Beal alikuwa mwalimu miaka thelathini na ana namna ya kukutazama juu ya miwani hadi unajiona una kaptula. Akaisoma. Akaisifu. Kisha akaenda kabatini akachukua daftari nene la karatasi laini kama ngozi ya kitunguu.

Nilikuwa nimelisahau daftari la nakala! Mimi, mjukuu wa ofisi ile, niliyekuwa nacheza chini ya lile shinikizo la chuma! Babu hakutuma barua yoyote bila kwanza kuilaza ndani ya daftari juu ya ukurasa uliolowa, akaibana, wino ukabaki pale. Barua zote. Hata ya kumtukana daktari wa meno. Na kila ukurasa una namba.

Bwana Beal akafungua Machi 1850. Ukurasa wa 211, anaagiza kamba. Wa 212, anamtukana daktari wa meno. Wa 213, kamba hazijafika. Mimi simo.

Akasema labda mzee aliisahau hii moja. Alisema kwa upole, na upole ndio ulioniumiza. Halafu akanusa karatasi. Akauliza kama mjane wa nahodha anakunywa chai ya Kichina.

Nimerudi nyumbani. Maharage ya Jumamosi yalikuwa mezani. Sikuweza kula zaidi ya sahani mbili.

Jumapili, 9 Oktoba

Kanisani wote wananitazama. Mchungaji amehubiri kuhusu ushahidi wa uongo. Thirza anasema alihubiri kuhusu mavuno. Sikubaliani.

Mchana Lavinia amekuja na pai ya tufaha. Hakutaja barua. Kama angenisema ningejua la kujibu. Alikata pai, akampa Thirza mapishi, kisha akasema Jumanne masanduku yanahamishwa, na mikono yangu ingefaa, kwa kuwa inaonekana inatafuta kazi.

Nimekubali. Hajui amemfungulia nani mlango.

Jumanne, 11 Oktoba

Ushindi!

Sanduku la tisa, chini kabisa, palikuwa na kifurushi kilichoandikwa kwa mkono wa Lavinia: “Stakabadhi za nyasi za farasi”. Mtu gani anafunga stakabadhi za nyasi kwa utepe wa hariri? Lavinia alikuwa nje akimgombeza mwenye gari la farasi. Nikafungua. Barua moja tu. Mwandiko wa baba yangu, kwa kaka yake Josiah, Aprili 1850.

Nikaitia ndani ya kofia, kofia nikaitia kichwani, nikabeba sanduku huku kichwa kimesimama kama mtu aliyemeza fimbo.

Nimeisoma chooni, penye mwanga mzuri. Imeandikwa kwa namna ya zamani ya kubana karatasi. Mtu akifika chini ya ukurasa, anaugeuza robo na kuandika tena juu ya mistari ya kwanza, na ukurasa unakuwa kama wavu. Mistari ya kwanza nimeisoma yote. Nainakili hapa: “Kaka, mimi na wewe tunajua kwamba vumbi la mbao lilikuwa wazo langu. Nililisema pale kwenye kinu cha kupasulia mbao kabla yako na kabla ya mtu yeyote, na wewe hukulitaka.”

Basi! Hamsini na nne ni miaka mingi ya kungoja sentensi mbili!

Mistari iliyogeuzwa sikuihangaikia. Kila mtu hapa anajua sehemu ya kugeuza ni ya salamu, mafua na ng'ombe. Shangazi zangu waligeuza karatasi maisha yao yote, na sijawahi kukuta chochote pale isipokuwa mafua na ng'ombe.

Na Lavinia aliificha. Mwanamke wa pai.

Jumatano, 12 Oktoba

Nimemwendea Bwana Beal kwa ujanja zaidi safari hii. Nimemwonyesha barua kwa mbali tu, saini na tarehe. Ameutambua mkono wa baba. Nimemwambia nitamkabidhi siku yenyewe, mbele ya watu, aisome yote bila kuruka neno. Nimemfanya aahidi mara mbili. Sitaki Lavinia apate nafasi ya kumnong'oneza.

Saa tisa Lavinia akaja dukani. Mara ya kwanza maishani namwona amesahau glavu. Hakukaa.

Akasema: “Asahel, irudishe ile barua. Sikuagizi, nakuomba.”

Nikamwambia anaona aibu sasa.

Akasema: “Umeisoma yote?”

Nikamwambia nimesoma ya kutosha. Akanitazama kwa muda mrefu, kama mtu anayemtazama ng'ombe juu ya barafu nyembamba. Akasema kama ni picha ya ukutani, atamwomba Bwana Beal aitundike ya baba yangu pia, ndogo, karibu na dirisha, barua isisomwe.

Ndogo! Karibu na dirisha! Nikajua nimemshika. Nikamwambia maji yamemfika shingoni. Utani wa arobaini na moja.

Jumamosi, 15 Oktoba

Sitaki kuandika.

Naandika. Ukumbi ulijaa. Niliikokota picha ya baba imefunikwa shuka, ile aliyoichora mchora mabango, jicho moja likitazama Boston na jingine Canada. Nilileta na nyundo yangu. Babu alikwishatundikwa. Karibu naye Josiah.

Nikasimama, nikasema maneno machache, Thirza anasema dakika ishirini na tano. Nikamkabidhi Bwana Beal barua. Nikamkumbusha ahadi, asiruke neno. Lavinia alikuwa mstari wa mbele, macho kwenye mapaja yake.

Akasoma. Vumbi la mbao, wazo langu, kabla ya mtu yeyote. Watu wakanong'ona. Nikashika nyundo.

Bwana Beal akaigeuza karatasi. Nilitabasamu, nikangoja ng'ombe.

“Na mimi na wewe tunajua kwamba ni mimi niliyelipakia likiwa bichi. Ulinionya kwamba vumbi bichi hupata joto lenyewe kama samadi, nikakucheka. Shehena yote ya Mehitabel niliiyeyusha mimi. Baba alipoapa kumtoa nje aliyefanya hivyo, theluji ikiwa mpaka madirishani, na mke wangu siku zake zimefika, ukasema ni wewe. Ukatoka wewe. Mtoto amezaliwa Jumanne, wa kiume, mwenye kichwa kikubwa. Tumemwita Asahel. Akikua nitamwambia ni nani aliyempa paa la kuzaliwa chini yake.”

Bwana Beal akavua miwani. Alitaka kuacha, lakini alikuwa ameahidi mara mbili. Akasoma na sentensi ya mwisho. Kweli ilikuwa ya ng'ombe.

Hakuna aliyecheka. Watu mia moja na ishirini, na wote wamenisikia miaka yote nikitania habari za maji. Kule nyuma mtu akasema polepole, kama anayejaribu kofia mpya: “Enoch Maji.”

Keki ilikuwa ya limau. Hakuna aliyenikatia. Nimeirudisha picha nyumbani, shuka imedondoka njiani, jicho la Boston likinitazama.

Jumapili, 16 Oktoba

Sikwenda kanisani. Nimekwenda kwa Lavinia. Nilitaka kumwomba radhi, lakini nilipofika nikajikuta namuuliza kwa nini hakuichoma.

Akasema hakuweza kuichoma, kwa kuwa ndiyo karatasi pekee duniani iliyomsema vizuri baba yake. Nikauliza basi kwa nini aliificha.

Akasema: “Baba aliniomba. Alisema wewe ulikuwa unampenda mno baba yako, na yeye jina la Maji alishalizoea.”

Nikauliza kama baba yake alikuwa akisikia utani wangu.

Akasema: “Alikuwa anauhesabu, Asahel. Mezani alikuwa anatuambia, leo kijana ametoa mpya.”

Nilikaa. Akaniuliza kama nitakunywa chai. Nilikunywa. Safari hii sikuitania.

Jumanne, 18 Oktoba

Nimelala vizuri. Nimefikiri vizuri pia.

Watu wanalitazama jambo hili kwa upande mmoja tu. Tendo la Josiah ni tukufu, sikatai, mji mzima hauna jingine midomoni. Lakini lilitendwa kwa ajili ya nani? Kwa ajili ya mtoto. Pasingekuwa na mtoto, Josiah angekuwa mfanyabiashara wa barafu tu kama wengine. Kwa hesabu ya haki, utukufu wa ukuta ule una chanzo kimoja, na chanzo hicho kina goti linalouma na duka la saa.

Picha ndogo tu ya mtoto mchanga. Karibu na dirisha ingetosha. Lavinia alikwishakubali dirisha.

Tatizo ni kwamba sikupigwa picha utotoni. Lakini leo kwenye mnada wa vitu vya marehemu Bibi Hathorn nimepata ya mtoto mmoja, kichwa kikubwa, sura ya akili. Thirza anasema huyo ni wa kike, ana shada la maua, na nyuma pameandikwa mwaka 1889. Nimemwambia maua yanakwanguka.

Nimechemsha chai nzito.