Dharura Zimeahirishwa Hadi Uzinduzi

Ilitangazwa rasmi, kwa Waraka Namba 14 uliobandikwa kwenye milango yote ukiwemo wa choo, kwamba dharura zote katika kiwanda cha kufulia mashuka zimeahirishwa mpaka hapo kitufe kipya cha dharura kitakapozinduliwa. Aliyeuchapa waraka huo ni Katibu Muhtasi, binti mwenye mwaka mmoja kazini, na aliuchapa kwa moyo mkunjufu, maana bado aliamini kwamba jambo lililopigwa mhuri haliwezi kuwa la kipuuzi.

Sababu zilieleweka. Kitufe cha zamani cha kusimamishia mashine kubwa ya kupigia pasi kilikufa. Fundi akafunga kingine kwa nusu saa: chekundu, kinene kama uyoga, kikibonyezwa kinabaki ndani mpaka kizungushwe, mahali ambapo mkono wa mwendesha mashine unafika bila kunyooshwa. Lakini Mkurugenzi alipokuja kukikagua, aliuliza kimezinduliwa na nani. Fundi akajibu kwamba kitufe hakizinduliwi, kinabonyezwa. Kwa jibu hilo alihamishiwa kwenye mabomba, kwa kukosa mtazamo mpana. Kitufe kikavikwa pazia la zambarau na kuzungushiwa utepe, na ukutani kikapigiliwa kibao cha shaba chenye jina la Mkurugenzi. Sherehe iliahirishwa mara nne, kwa kuwa mgeni rasmi, yaani Mkurugenzi huyohuyo, alikuwa na majukumu mengine.

Katika kipindi hicho cha mpito, mtumishi aliyetarajia dharura alitakiwa kujaza fomu siku tatu kabla, akitaja saa, kiungo cha mwili kitakachohusika na jina la mrithi. Hakuna aliyejaza. Taarifa ya robo mwaka ikajivunia kwamba dharura zimekwisha kabisa.

Doa lilikuwa moja tu, nalo lilikuwa Shangazi. Kiwanda kizima kilimwita hivyo, ingawa alikuwa shangazi wa kweli wa mtu mmoja, Katibu Muhtasi, aliyemlea tangu darasa la kwanza. Ndiye aliyeendesha ile mashine yenye rola mbili za moto. Wiki ya tatu ya kusubiri uzinduzi, mkono wa gauni la mwenzake ulinaswa. Shangazi akapenyeza kiganja chini ya pazia, akabonyeza. Gauni lilichanika, mkono ukapona, na Shangazi akapewa onyo la mwisho kwa kubonyeza kifaa kisichozinduliwa. Onyo hilo alilichapa mwana wa kaka yake, na Mkurugenzi akalisaini kama alivyosaini kila kitu: bila kusoma, simu ikiwa sikioni. Aliwahi kusaini hata kalenda.

Nyumbani binti alimbembeleza asikiguse tena kitufe. Akirudia, atafukuzwa, waraka uko wazi.

"Mwanangu," akasema Shangazi, akimenya viazi, "waraka una vidole?"

Katibu alikiri kwamba hauna.

"Basi hauwezi kujua. Mtu akinaswa, unabonyeza kwanza, maswali baadaye. Ukishabonyeza, hukizungushi kukifungua mpaka mtu ametoka na umejua kilichomnasa ni nini. Hayo mengine ni mapambo."

Siku ya uzinduzi ikafika. Viti vilipangwa, vipaza sauti vikafungwa, Katibu akakabidhiwa mkasi juu ya sinia. Mkurugenzi aliagiza mashine iwe inakimbia, ili wageni waonje tofauti kati ya kwenda na kusimama. Alivaa tai mpya ya hariri iliyomfika kwenye mkanda. Alihutubia dakika arobaini, akafafanua kwamba kusimama ndiyo nguzo ya kusonga mbele, kisha akainama kuwaonyesha wageni jinsi shuka linavyoingia kwenye rola.

Tai ikalifuata shuka.

Hotuba iliendelea kwa maneno manne zaidi, kila moja likisikika chini kidogo kuliko lililotangulia. Katibu aliona kidevu cha mwajiri wake kikisafiri kuelekea kwenye chuma cha moto, akaona onyo la mwisho, akaona Waraka Namba 14 wenye herufi zake mwenyewe.

"Shangazi, bonyeza."

Shangazi alikuwa ameshabonyeza. Pazia lilikuwa sakafuni. Rola zilisimama, kidevu kikiwa umbali wa vidole vitatu.

Meza kuu ilipiga makofi, ikiamini kwamba hilo lilikuwa kwenye ratiba.

"Nani amebonyeza?" iliuliza sauti ya Mkurugenzi kutoka chini. "Utepe sijakata. Zungusha hicho kitufe, uiwashe mashine, initoe."

"Ikiwashwa haikutoi, bosi," alisema Shangazi kwa upole, kiganja chake kikikilinda kitufe. "Inamalizia kukuingiza."

Katibu akachukua mkasi kwenye sinia, akaomba radhi, akakata tai chini kidogo ya fundo. Wageni wakasimama kwa shangwe. Mwenye vipaza sauti akapiga muziki.

Ofisini, akiwa na kipande cha tai kilichobaki shingoni kama ulimi, Mkurugenzi alitoa agizo. Yeyote aliyesababisha dharura kabla ya utepe kukatwa aachishwe kazi leo hii, nakala iende Bodi. Hakutaja jina, aliona halina haja.

Binti alikaa mbele ya kompyuta. Kisha akaamua kutekeleza agizo neno kwa neno. Alishuka kiwandani kuuliza chanzo. Shangazi na fundi, aliyeitwa kutoka kwenye mabomba, walikuwa wamekwisha kukitoa kwenye rola na kukiandika daftarini: tai. Ilikuwa imenyooka vizuri sana. Hapo ndipo Shangazi alipokizungusha kitufe kukifungua. Mashine ikabaki kimya, kama inavyotakiwa, mpaka alipoiwasha mwenyewe.

Katibu akapanda ngazi, akachapa jina la mwenye tai.

Mkurugenzi alikuwa kwenye simu, akimsimulia mtu jinsi alivyonusurika. Akasaini. Katibu akapiga mhuri, na saa tisa Bodi ikaipokea nakala yake, ikairidhia, kwa kuwa haikuwa na kasoro.

Barua yenyewe ilimfikia Mkurugenzi asubuhi iliyofuata, mkononi, ndani ya bahasha. Wanasema ndiyo ya kwanza aliyowahi kuisoma mpaka mwisho. Alitaka kuipinga, lakini sahihi ilikuwa yake.