Aliyekaa Upande wa Pili wa Ubao

Jumatatu, 3 Machi

Siku njema kwangu, mbaya kwa Bi Matone. Mkuu wa shule ametangaza kikaoni kwamba Ijumaa mkaguzi anakuja. Mwalimu atakayemkuna kwa somo la vitendo ndiye atakayepewa ukuu wa idara ya sayansi. Ofisi yake mwenyewe! Mlango wa kujifungia! Mimi miaka yote nasahihisha madaftari kwenye kona ya chumba cha walimu, kiwiko changu kikigombana na cha mwalimu wa jiografia.

Bi Matone anafundisha kemia. Tunamwita hivyo kwa sababu huhesabu matone hata akitia maziwa kwenye chai. Tangazo lilipotoka alinitazama, akatabasamu. Tabasamu la mtu aliyekwisha kupima madirisha ya ile ofisi kwa ajili ya mapazia.

Mpango wangu: momenti ya kani. Kidato cha pili nimewaimbia hadi sauti imekauka. Usitazame kani peke yake, tazama na umbali wake kutoka kwenye egemeo. Sukuma mlango karibu na bawaba, utatoka jasho. Sukuma kwenye kitasa, unafunguka kama hautaki ugomvi. Kani mara umbali, basi. Ijumaa nitamkalisha Mkuu, kilo mia na ishirini, Mungu amzidishie, kwenye ncha fupi ya ubao, nami nitamwinua kwa kidole. Kimoja!

Kihalali haiwezekani, labda niwe na ubao mrefu kuliko bweni. Kwa hiyo chini ya ncha yangu nitafunga mfuko wa mchanga, kwa siri. Nani atainama kuchungulia?

Fundi seremala wa shule kanipa ubao wa mita nne. Kaniambia niuchukue tu, yeye haumfai, upande mmoja hausikii. Nikadhani anasema habari za unyevu.

Jioni mapema, maabara tupu. Nikauegemeza ubao katikati juu ya kigoda cha chuma. Ukatulia. Nikageuka kuchukua rula. Kurudi, ncha ya kulia iko sakafuni. Nikaisawazisha. Ikashuka tena mbele ya macho yangu. Taratibu, bila kishindo, jinsi mgeni mwenye adabu anavyokaa.

Nilifika mlangoni kabla ya akili yangu. Hapo nikaikumbuka ofisi. Nikarudi.

Nikanyunyiza unga wa chaki kwenye ile ncha. Ukabonyea. Mabonde mawili ya duara, ubavu kwa ubavu. Makalio! Nikatundika mfuko wa mchanga wa nyutoni mia moja upande wa kushoto, mita moja kutoka kwenye egemeo. Ubao ukakaa sawa. Mia mara moja, mia. Yeye yuko mita mbili. Mia gawa kwa mbili. Ana nyutoni hamsini. Kilo tano, kama mtoto mchanga wa mwezi mmoja, ila makalio ya mtu mzima.

Nywele zilinisisimka mpaka zile za miguuni. Lakini mtu asiyeonekana si bora kuliko mfuko wa mchanga?

Jumanne, 4 Machi

Nimepata msaidizi. Kwenye ubao, pale alipokaa, nimemwandikia kwa chaki: ONGEZA. Nikaenda kufundisha vipindi viwili. Kurudi, maandishi yamefutika, unga umebonyea zaidi. Mfuko nimeusogeza mpaka nchani ndipo ubao ukakaa sawa. Nyutoni mia moja! Anasoma, anatii, haulizi posho. Laiti kidato cha pili wangekuwa wote hivi.

Bi Matone kapita dirishani na chupa zake. Nikajifanya nafuta vumbi. Kauliza nazungumza na nani. Nikamwambia na mawazo yangu. Akasema salamu zake ziyafikie.

Leo nimepanda kilima cha kuelekea nyumbani bila kutweta. Afya inakuja na matumaini. Mama watoto hakunisikia nikiingia. Aligeuka kutoka jikoni akanikuta nimesimama nyuma yake, akaangusha mwiko. Kasema siku hizi natembea kama paka. Nikamwambia mkuu wa idara hatembei kwa vishindo.

Jumatano, 5 Machi

ONGEZA SANA, nimemwandikia asubuhi. Mchana: nyutoni mia mbili na hamsini. Safi kabisa.

Nimepiga hesabu ya Ijumaa. Kigoda nitakisogeza kiwe mita moja tu kutoka kwa Mkuu, upande wangu zibaki mita tatu. Mkuu ni nyutoni elfu moja na mia mbili, mara moja. Msaidizi akifika mia nne, mara tatu, elfu moja na mia mbili. Sawa kwa sawa! Kidole changu kitamalizia. Hata mtoto angeona uzuri wake.

Mambo madogo madogo. Kiti changu cha chumba cha walimu, kinachopiga kelele tangu nikifahamu, leo kimenyamaza. Nikamshukuru fundi. Akasema hajakigusa. Mvua ilinyesha, uwanja ukawa tope, wenzangu wote wakaingia na viatu vimejaa. Vyangu safi! Mwalimu wa jiografia akatazama nje, akaniuliza nimepita njia gani. Nikamwonyesha. Kulikuwa na nyayo za kila mtu isipokuwa zangu. Akanitazama vibaya. Wivu wa viatu.

Usiku mama watoto kanishikashika begani. Kasema alidhani sijaja kulala, godoro halikuinama. Mkono wake ulikuwa wa baridi. Nikamwambia alale.

Alhamisi, 6 Machi

Mia nne! Kamili, mifuko minne nchani. Nimemfundisha ishara. Nikigonga ubao mara tatu, anakaa. Nikinong'ona shuka, anashuka. Tumefanya mazoezi mpaka nikaona haya kumpenda.

Unga wa chaki una habari mpya. Mbele ya makalio sasa kuna alama za viganja, za mtu anayejishikilia ubao. Nikaweka kiganja changu juu ya kimoja ili nijue ukubwa wake. Kimeenea barabara, hadi kidole kidogo kilichopinda nilichobanwa na mlango. Dunia ina watu wengi waliobanwa na milango.

Kurudi nyumbani, upepo ulinisogeza hatua mbili pembeni, nikajikuta kwenye ua wa jirani. Akanikaribisha chai. Nilishika kikombe kwa mikono miwili. Sijui kwa nini, lakini niliona raha kushika kitu kizito.

Ijumaa, 7 Machi

Sijui nianzie wapi. Nianzie kwa Mkuu.

Maabara ilijaa. Mkaguzi mbele, miwani imeshuka puani. Kidato cha pili wamebanana ukutani. Bi Matone alikwisha kutoa somo lake la maji yanayobadilika rangi, watu wakapiga makofi. Zamu yangu. Mkuu akakaa kwenye ncha fupi, ikashuka, miguu yake mifupi ikatulia chini. Ncha yangu ikapaa juu ya kichwa. Nikanyoosha kidole, nikawaonyesha wote, hata mkaguzi akakisogelea. Nikagonga mara tatu.

Kidole hakijafika! Hakijafika, nasema, Mkuu huyooo juu! Ncha yangu ikashuka mpaka sakafuni, naye akabaki kule miguu inaning'inia, analiita jina la shule. Mkaguzi akauliza kwa upole kidole kina kazi gani. Darasa likaangua kicheko.

Nilisahau uzito wa ubao wenyewe. Nyutoni mia mbili, na kitovu chake cha uzito kiko mita moja upande wangu. Kosa ninalowachapia wanafunzi wino mwekundu kila mtihani!

Nikajikaza. Nikaikamata ncha kwa mikono miwili ili nimshushe taratibu, nikanong'ona shuka. Akashuka. Papo hapo Mkuu akaenda chini kama gunia, mshono wa suruali ukaachia, nami nikapaa nimeng'ang'ania ubao, viatu vinapiga hewa. Walicheka mpaka wa darasa la jirani wakaja.

Bi Matone peke yake hakucheka. Alikuwa kwenye ubao wa ukutani anaandika kwa chaki. Mwalimu, kilo sitini na nne za kipimo cha mwisho, yaani nyutoni mia sita na arobaini, kwa mita tatu: elfu moja mia tisa na ishirini. Ongeza ubao: elfu mbili mia moja na ishirini. Mkuu: elfu moja na mia mbili. Akapiga mstari chini yake mara mbili. Kisha akaniuliza, sauti imeshuka, kwa hesabu hii ulipaswa kubaki chini na Mkuu kubaki juu, sasa wewe una kilo ngapi? Nikamwambia hayamhusu.

Ukuu wa idara kapewa yeye, kwa shangwe. Nimekaa bafuni nikalia. Machozi yamechelewa sana kuanguka.

Jumamosi, 8 Machi

Bi Matone kaja nyumbani! Kabeba mizani ya muuguzi wa shule. Mama watoto ndiye aliyemwita, kumbe wanapigiana simu. Hakukaa, hakunywa chochote. Akaniomba nipande. Nikapanda ili aondoke. Ishirini na nne.

Akapanda yeye, mizani ikasema kilo zake sabini na mbili. Nikapanda tena. Ishirini na nne. Mama watoto akaziba mdomo kwa kanga.

Niliogopa. Sitaficha, nikakamata meza, nikawaeleza yote ya msaidizi na maandishi ya chaki. Bi Matone akanieleza pole pole, jinsi anavyowaeleza wale wa nyuma darasani. Uzito hauzuki. Ukiongezeka huku, kuna mahali umepungua. Kila ulipomwambia aongeze, alikuwa anachota kwako. Akasema yuko tayari kuiacha hiyo ofisi, aniachie mimi, mradi tuuchome ubao leo leo kabla sijamwambia neno jingine. Macho yake yalikuwa yamejaa maji. Mama watoto akanishika mkono kwa nguvu, kama anayemshika mtoto sokoni, akasema baba watoto, nakusihi.

Nikakubali. Nikawaambia nakwenda kuuleta.

Njiani nikapata akili. Aiache ofisi? Bi Matone, yule wa mapazia? Nani aliwahi kuacha ofisi yenye feni? Huyu ameona msaidizi wangu anavyofanya kazi, anamtaka! Na yale machozi, mkemia anashindwa kutengeneza machozi? Nikauficha ubao nyuma ya ghala, nikawapelekea ubao mwingine. Wakauchoma uani. Mama watoto alikaa karibu na moto mpaka ukazimika, kisha akalala usingizi wa kwanza wiki nzima.

Jumapili, 9 Machi

Mpango kabambe! Kesho Bi Matone anakabidhiwa rasmi, jukwaani, mbele ya shule nzima, yeye na Mkuu wakiwa wamesimama bega kwa bega. Chini ya busati la jukwaa nitatandika ubao wangu, na egemeo la tofali. Wao kwenye ncha fupi. Nitagonga mara tatu. Wataruka wote wawili pamoja na hotuba.

Nimekwenda ghalani asubuhi, mifuko ya nguo imejazwa mawe kwa ajili ya upepo. Nimemwandikia: ONGEZA MPAKA BASI. Sikungoja. Ubao ulishuka hata kabla sijamaliza herufi ya mwisho. Kwenye unga kulikuwa na mikunjo ya suruali, na mshono mfukoni alioushona mama watoto kwa uzi usiofanana. Nimependa umakini wake.

Kurudi nyumbani nilitembea nimeshika ukuta. Sasa ni saa nane mchana. Naandika nikiwa mezani, mguu nimeuzungusha kwenye mguu wa meza ili nisiachane na kiti. Kalamu inanichosha. Mwanangu mdogo kapita hapa mara mbili anatafuta mpira. Hakunisalimu. Malezi haya!

Mama watoto kajilaza chumbani. Muda huu huu namsikia anacheka, kicheko ambacho sijakisikia siku nyingi. Anasema afadhali, baba watoto, afadhali, umerudi kuwa mzito, hebu sogea kidogo, kitanda chote umekibonyeza upande wako. Kitanda kinalia. Mtu anasogea.

Vizuri. Apumzike, kesho ana kazi. Nimeipitia hesabu upya kutoka mwanzo, safari hii bila pupa. Mkuu yumo. Bi Matone yumo. Ubao nimeuweka, busati nimeliweka, hata hotuba nimeipima. Hakuna uzito hata mmoja niliousahau.