Timu ya Mtu Mmoja

Jumatatu, 3 Machi

Shemeji ameongea kwa upole leo. Upole wake unanitisha kuliko kelele. Mama yake anakuja Jumamosi kumwona mjukuu, na atalala sebuleni. Sebuleni ndiko nilalako mimi, kwenye kochi, miguu ikining'inia nje kama nguo zilizoanikwa. Dada alikuwa ananyonyesha. Hakunitetea. Nimeelewa.

Mabweni ya chuo yamejaa. Kimebaki chumba kimoja kidogo nyuma ya stoo ya michezo, cha mwanamichezo yeyote asiye na bweni atakayetuwakilisha kwenye michezo ya vyuo. Nimekwenda kwa mwalimu wa michezo. Akauliza nacheza nini. Nikasema naweza kucheza chochote. Akasema wa namna hiyo anawajua, hawachezi chochote.

Jumanne, 4 Machi

Mpira wa miguu: nimewaona mabeki wakivua soksi, miundi imejaa makovu, nikageuza njia. Mpira wa meza nimejaribu. Nahodha amenifunga huku akiongea na simu, wala hakumwambia aliyempigia asubiri.

Halafu, kwenye ubao wa matangazo, nikauona mchezo usio na mtu. Kutembea kwa kasi. Chuo kizima hakuna anayeutaka. Mimi natembea tangu sijafikisha mwaka, mama ni shahidi.

Nikamrudia mwalimu, nikamwambia timu ndiyo hii imesimama mbele yake. Akasema vizuri, lakini hakuna anayekwenda bila mchujo, na mtu hachujwi peke yake. Nitafute mpinzani kabla ya Ijumaa jioni.

Jumatano, 5 Machi

Kuchagua mpinzani ni kazi ya akili. Awe mwanafunzi, akubali, na ashindwe. Nimemchagua Mama Pacha, ninayekaa naye dawati moja kwenye somo la takwimu. Amevuka arobaini, amerudi masomoni baada ya mapacha wake kuanza shule. Mwili anao. Magoti anayalalamikia kila akipanda ngazi.

Nikamwambia ni kwa ajili ya afya yake. Akauliza mimi napata nini. Nikasema urafiki. Akanitazama kama anavyowatazama wanawe, nadhani, wakimwambia wameshanawa miguu. Akasema sawa, mdogo wangu, ila nijue kwamba yeye akianza kitu hakiachi njiani.

Leo nitalala usingizi mzito, hata miguu sitaihisi.

Alhamisi, 6 Machi

Mazoezi. Kumbe kutembea kuna sheria. Lazima mguu mmoja uwe chini muda wote. Ukiinua yote miwili, hata kidogo, umekimbia, na onyo la tatu linakutoa. Kiuno lazima kizunguke. Mabeki walikaa ukingoni kunitazama. Mmoja akauliza kama kuna mdudu ameingia kwenye bukta yangu.

Mama Pacha akawaambia anayecheka aje atembee naye mzunguko mmoja. Wakaja wawili. Walirudi wanahema, wameshika mbavu, wakamuuliza kesho anaanza saa ngapi. Sikulipenda swali hilo.

Jioni nimemwambia dada chumba kimepatikana. Si uongo. Ni taarifa iliyotangulia tukio. Alifurahi mpaka akanikabidhi mtoto nimbebe.

Ijumaa, 7 Machi

Nimeondoka nyumbani na begi langu. Dada akasema shemeji ataniletea godoro jioni.

Mchujo ulikuwa wa watu wawili. Nimekuta kumi na kitu: mabeki, wasichana wa netiboli, hata yule wa kaunta ya maktaba ambaye sikujua kama ana miguu. Wote wanasema wamekuja kwa ajili ya Mama Pacha.

Nilianza mbele. Filimbi: miguu inapaa. Filimbi tena. Mama Pacha akanipita bila haraka, kama mtu anayekwenda dukani, akaniambia niweke kisigino, mdogo wangu, kisigino. Nikaweka. Akazidi kwenda mbali. Mwalimu akainama kufunga kamba za viatu, nikaona nafasi, nikakimbia.

Hakuwa anafunga kamba. Alikuwa ananichungulia katikati ya miguu yake. Nimetolewa.

Mama Pacha amekuwa wa kwanza. Mabeki walijaribu kumbeba juu, wakaghairi.

Akanifuata na ufunguo wa chumba mkononi. Nilitegemea atasema yeye ana nyumba, chukua wewe. Akasema kweli ana nyumba, na nyumba ndiyo shida. Meza ni moja, watoto wawili, mume na redio yake. Anasomea bafuni, mlango ameufunga, na bado wanagonga. Takwimu ameanguka mara mbili, akianguka tena wanamwondoa chuoni. Hotuba yangu kuhusu kochi nilikuwa nimeshaipanga. Haikutoka. Nimempa hongera na kumbebea vitabu hadi mlangoni.

Nikakaa kwenye ngazi za stoo na begi langu. Ndipo shemeji akatokea, godoro kichwani, jasho linamtiririka. Akauliza chumba ni kipi. Nikamwambia yote. Alisikiliza hadi mwisho bila kulitua. Kisha akauliza, kwa hiyo jana chumba hakikuwapo? Nikasema kilikuwapo, ila kilikuwa cha mtu mwingine. Akacheka mpaka godoro likaanguka.

Akasema twende nyumbani. Mama yake atalala chumbani na dada na mtoto. Sisi wanaume sebuleni, mimi kochini, yeye chini. Sharti ni moja: hadi muhula uishe, nisome, nisipange kitu. Nikaapa. Tulilibeba godoro pamoja, yeye mbele, mimi nyuma.

Jumamosi, 8 Machi

Mama wa shemeji amefika. Ni mama mwema, amenisifia nimekonda vizuri. Shemeji anakoroma. Sikujua binadamu anaweza kukoroma akivuta na akitoa. Sijalalamika. Mtu aliyekubebea godoro mji mzima humlalamikii.

Mchana nimepita chuoni, kupunga upepo tu. Kwenye ubao nimeona mchezo mwingine usio na mtu. Kuogelea. Chuo hakina bwawa, kwa hiyo mchujo hauwezekani. Na stoo, ukisogeza mipira, inaingia godoro.

Mwalimu amenisikiliza kwa muda mrefu, macho amefumba. Akauliza kama najua kuogelea.

Nimemjibu kwamba hapa chuoni hakuna mtu aliyewahi kuniona nikizama.