Wati Elfu Moja za Injinia Josaphat

Mama Victoire Kanyere alipotangaza sokoni Butembo kwamba anatafuta bafle, yaani sanduku la spika, la gitaa la besi kwa ajili ya arusi ya binti wa dada yake, walikuwapo watu wawili tu waliojua besi inataka nini hasa. Mmoja alikuwa amekimbia vita na sasa anachunga mbuzi wa watu ng'ambo ya mpaka. Wa pili alikuwa Josaphat, na Josaphat hakuwa na bafle. Alichokuwa nacho ni mdomo.

Na gitaa, tusimwonee. Gitaa lilikuwa la kweli kabisa, jekundu, lenye nyuzi nne. Ule uzi mnene wa chini ulikuwa kamba ya breki ya baiskeli, kwa maana tangu vita ya pili ianze nyuzi za besi hazikufika tena Butembo, ila risasi zilifika bila shida. Vita hiyohiyo ndiyo iliyosambaratisha orkestra yake: mpiga ngoma huku, mwimbaji kule, bafle likaporwa na watu waliolitia ndani ya lori wakidhani ni friji. Tangu siku hiyo, miaka mitatu sasa, Josaphat aliishi kwa kuuza vitu ambavyo havikuwa vyake, na vingine ambavyo havikuwapo kabisa. Lakini gitaa alilala nalo kitandani, akiliweka upande wa ukuta lisije likadondoka. Hakuna aliyewahi kuthubutu kumuuliza bei yake.

Alimkuta Mama Victoire mlangoni pa depo lake la kahawa, ameketi kando ya mzani mkubwa. Alikuwa mama mnene, mpole wa maneno, mnunuzi wa kahawa na muuzaji wa vitenge. Karibu naye ilisimama pikipiki ya bluu ambayo Josaphat aliiona kabla ya kumwona mama mwenyewe.

"Wabukire, Mama. Banasema unatafuta bafle."

"Natafuta. We ni nani?"

"Ingénieur Josaphat. Ingénieur ya son, ya sauti. Mais mbele ya yote, nikuulize: arusi ni ndani ao ni inje?"

"Inje. Mu parcelle, mu uwanja ya dada yangu kule Beni, commune Ruwenzori. Batu mia tatu."

Josaphat akafumba macho kama mganga aliyeonyeshwa kidonda kibaya.

"Inje! Eh, Mama. Besi ya inje haina kuta ya kuishika, inakimbia. Gitare ya solo, hata ukiipigia mu sufuria batu batasikia. Mais besi ni hewa, Mama. Kusukuma hewa ya parcelle muzima inaomba nguvu mingi. Balikuambia wati ngapi?"

"Mutu moya alisema mia mbili."

"Mia mbili!" Josaphat akacheka kwa huzuni. "Na mia mbili utasikilizisha bibi-arusi peke yake, na akuwe amekaa juu ya bafle."

Tatizo ni kwamba yote hayo yalikuwa kweli tupu. Ndivyo alivyofanya kazi siku zote: alimlisha mtu ukweli mpaka ashibe, kisha akampa uongo kama matunda ya baada ya chakula.

"Mimi niko na moya ya wati elfu moya," akasema. "Ilikuja na ndege, ikashukia pale Rughenda juzi. Na siombe makuta, siombe feza, Mama. Makuta ya vita, leo ni makuta, kesho ni makaratasi. Naomba tu ile moto yako ya bluu," akaielekezea pikipiki kidole.

Jioni hiyo alikwenda kwa Stanislas, fundi seremala, akamwagiza sanduku la kumfika mtu kifuani, lenye kitambaa cheusi mbele na vyuma kwenye pembe. Ndani alitia kikuza sauti cha redio ya gari na spika yake moja, isiyozidi sahani ya uji, aliyoing'oa kwenye gari lililoungua. Nafasi iliyobaki aliijaza mawe ya mto Kimemi, kila jiwe limefungwa tambara lisigonge. Alijua watu wake: Butembo mtu hanunui mashine kwa macho, anainunua kwa mikono, na kisicho kizito anakirudisha. Mwishowe akafunga skrubu arobaini na kuandika mbele kwa rangi nyeupe: 1000 WATTS.

Mahali pa kulijaribia alipachagua mwenyewe, na alipachagua kitaalamu: ile kona ya ndani ya depo, kuta mbili za tofali, bati juu, na rafu ya mabeseni. Ukisukuma besi ndogo kwenye kona, kuta zinaikuza kuwa besi ya wakubwa. Akaunganisha waya kwenye betri ya lori, akagusa kamba ya breki.

Mabeseni yakacheza. Kijiko kikaanguka. Mama Victoire akajishika kifua.

"Umesikia?"

"Nasikia mupaka mu tumbo."

Dereva wa mama, Shafii, mtu mwembamba asiyependa kusema, akaja na wapagazi wawili. Wakaliinamisha sanduku na kulipandisha kwenye mzani. Lilipoinama, Mama Victoire naye aliinama nalo kidogo, sikio karibu na ubao, kama anayesikiliza mtoto akipumua. Mzani ukasoma kilo tisini na moja.

"Ni nzito," akasema.

"Kitu ya kweli inakuwaka nzito, Mama."

"Ndiyo, naona. Na ndani kuko nini?"

Josaphat akainua mikono yote miwili. "Hapana kufungua ile kitu hata siku moya! Besi inafungiwa ndani na pression. Ukilegeza hata vis moya, wati zinatoka, na hazirudi."

"Hata basoda ba barrière, bale baaskari ba ku njia, hapana kufungua?"

"Hata général!"

Mama Victoire akatabasamu kwa muda mrefu. Josaphat aliliona lile tabasamu, akajiambia: huyu tayari amemeza, na ndoano, na uzi wake.

"Kamata clé," mama akasema, akimpa ufunguo wa pikipiki. "Moto ni yako. Mais gitare inabakia kwangu mupaka bafle iimbe kule Beni. Na wewe unaisindikiza. Kitu kubwa vile haiendake bila ingénieur wake."

Saa ileile angeweza kuondoka. Alikaa kwenye pikipiki, akaiwasha, injini ikanguruma vizuri, na barabara ya Lubero ilikuwa wazi mbele yake. Kisha akatazama mlango wa depo na ile kufuli kubwa, akafikiria gitaa lake likilala huko peke yake kati ya magunia. Akazima injini. Alijitukana kwa Kinande, taratibu, bila kuruka hata neno moja.

Akapanga upya. Huko Beni hatamngoja mtu achomeke waya. Wakati wapagazi wanashusha, yeye atachukua gitaa lake na pikipiki yake, na kufika jua kutua atakuwa Mabalako, ambako hakuna aliyemjua wala aliyemdai maelezo.

Jumamosi asubuhi lori liliondoka, sanduku katikati, pikipiki imefungwa nyuma, Josaphat juu ya mizigo. Sanduku alilikuta limeshapakiwa, na hakuligusa, kwa kuwa injinia habebi. Mama Victoire alikaa mbele na Shafii, gitaa katikati ya magoti yake.

Nusu ya njia, mlimani, palikuwa na kizuizi, ile barrière ya askari. Kila mfanyabiashara alikijua. Chumvi ikipita hapo ilipungua, sabuni ikipita ilipungua, na vitenge havikupita kabisa. Mwezi uliotangulia arusi moja ilinyang'anywa sare zake zote hapo, na mashangazi wakacheza na nguo za shambani huku wakilia. Wanamuziki tu ndio walioachiwa njia, maana hata askari anapenda kucheza. Lakini sanduku hili lilikuwa kubwa mno kwa macho ya kamanda wa kizuizi.

"Oyo nini?" akauliza, akiligonga kwa ncha ya bunduki. "Fungueni."

Josaphat akaruka chini. Mdomo ulitangulia miguu. Aliona yote: skrubu zikitoka, mawe yakimwagika barabarani mbele ya Mama Victoire, na gitaa lake likibaki magotini pa mama mpaka mwisho wa dunia.

"Mon commandant, pardon! Mimi ni ingénieur. Ndani ya hii kuko wati elfu moya, zimefungiwa na pression. Ukifungua hapa ku mulima, zitatoka zote zishuke mu bonde, na leo batu mia tatu bacheze na nini? Na siku utatuita kwako ku fête, tutakupigia nini?"

Kamanda akafikiri. "Basi piga, nisikie."

Mama Victoire akapitisha gitaa dirishani. Josaphat akaunganisha betri, akapiga.

Nje, mlimani, bila ukuta wala bati, zile wati elfu moja zililia kama mbu ndani ya chupa. Tena sauti ilikuwa hafifu kuliko ya depo, kana kwamba mtu ameiziba kwa mto wa kulalia, lakini Josaphat hakuwa na nafasi ya kujiuliza kwa nini. Askari walikuwa wanacheka.

"Elfu moya ni hii?" kamanda akasema, na hakucheka.

"Mon commandant, besi hapana ya masikio! Masikio ni ya solo! Weka mukono hapa, juu ya bafle."

Kamanda akaweka kiganja. Na papo hapo, kule mbele, Shafii akakanyaga mafuta. Lori zima likatetemeka, kuanzia taa mpaka kibao cha namba.

"Eeeh!" Macho yakamtoka kamanda. "Nasikia! Mupaka mu meno!"

Wakapanga mstari. Kila askari aliweka mkono wake, Josaphat akapiga, Shafii akakanyaga, na mmoja wao akavua kofia kwa heshima.

"Fungua barrière!" kamanda akafoka. "Bapite mbio, mbele ya wati kutoka!"

Josaphat alipanda juu ya lori akiwa ameloa jasho, akimshukuru Mungu kwa uzee wa injini ile. Mama Victoire alikuwa amesharudishiwa lile gitaa dirishani, liko magotini pake tena.

Beni, katika ua wa dada yake, mashangazi walikuwa wanangoja. Josaphat alipokuwa bado anahangaika na kamba za pikipiki, sanduku lilikuwa chini tayari na Shafii amepiga magoti mbele yake na bisibisi.

"Mama!" Josaphat akapiga kelele. "Wati!"

"Acha zitoke," Mama Victoire akasema.

Skrubu zilitoka moja moja, zote arobaini. Ubao ukaanguka. Josaphat akafumba macho akingoja ngurumo ya mawe, na badala yake akasikia vigelegele. Akafumbua. Kutoka ndani ya bafle vilikuwa vinatoka vitenge, vya kijani vyenye ndege wa manjano, kitenge baada ya kitenge, na mashangazi wakivinyang'anyana hewani. Sitini. Bibi-arusi, Mariette, alikuwa anaruka kama mtoto.

"Na mawe yangu iko wapi?" Swali lilimtoka kabla hajalizuia.

"Iko ku depo. Nilikupangia yote bien, hata matambara yake tulifula." Mama Victoire akaketi juu ya sanduku tupu ili acheke vizuri. "Josaphat, miaka makumi mbili nanunua kahawa. Balimaji bajanja banatia mawe mu gunia, basi kila gunia nainamisha hivi, nasikiliza. Jiwe, hata ukiivalisha tambara, inasema. Na wewe ukaniletea mawe, ukaiacha ipande ku bascule yangu, ku mizani ya kahawa!"

Shangazi mmoja alicheka mpaka ikabidi ashikiliwe.

"Mais nikasikiliza na ile mudomo yako," akaendelea. "Nikasema, ehee, hii mudomo itapitisha arusi ya mutoto wetu ku barrière."

Josaphat alitazama chini. Hasira alikuwa nayo, na aibu, na chini ya vyote viwili kitu kilichomuudhi zaidi, yaani hamu ya kucheka. Akashika ufunguo wa pikipiki mfukoni. Angalau hiyo ilikuwapo.

"Nirudishie gitare yangu, Mama. Niende."

"Ile pale."

Gitaa lilikuwa jukwaani, limeegemea bafle jingine. Bafle la kweli. Spika mbili kubwa kama masinia ya pilau, jenereta nyuma ya nyumba ikivuma, na waya umeshachomekwa. Orkestra ya Beni ilikuwa na kila kitu isipokuwa mpiga besi, aliyelazwa na malaria.

Josaphat akapanda kulichukua tu. Hilo lazima lisemwe kwa haki: alipanda kulichukua tu. Lakini mkanda ulipoingia begani, kidole kikateleza kwenye kamba ya breki. Sauti ikatoka, nene, ya mviringo, ikapita chini ya mbao, ikampandia miguuni mpaka mbavuni, ikaenda ikajaza ua wote bila kuta. Miaka mitatu hakuwa amesimama mbele ya sauti hiyo. Alifurahi mpaka machozi yakamlengalenga, na hakujali nani anaona.

"Wimbo moya," akamwambia mpiga ngoma. "Moya tu."

Wimbo mmoja ukafika kwenye sebene, pale waimbaji wanaponyamaza, magitaa yanakimbia na watu wanacheza mpaka viatu vinawatoka. Katika sebene mpiga solo anaweza kwenda kunywa maji. Mpiga besi hawezi, kwa kuwa wote wamesimama juu yake. Ndege wa manjano sitini walikuwa wanaruka mbele ya Josaphat, Mariette katikati yao, na juu ya vichwa vyao akamwona Shafii.

Shafii alikuwa anaishusha pikipiki ya bluu kutoka kwenye lori. Akaifuta vumbi. Akatoa mfukoni ufunguo mwingine.

Josaphat akapiga hatua moja ukingoni mwa jukwaa. Vidole havikumfuata, vilibaki kwenye nyuzi vikipiga. Mama Victoire akapita chini yake akicheza, kiuno kikiisikiliza kamba ya breki.

"Moto ni bei ya bafle ya wati elfu moya!" akapaza sauti. "Siku utaleta ile bafle, utakuta moto ku depo! Ao teremuka sasa umufate Shafii!"

Pikipiki ikawaka, ikatoka langoni, ikakata kona ya barabara. Sebene ilikuwa imefika mwisho, na mpiga ngoma alikuwa anamtazama Josaphat kujua kama wafunge.

Josaphat akatazama lango tupu. Kisha akageuka, akampa ishara: turudie.